Kwa Nini Nicheze? Miungu, Washairi na Wanafalsafa chini ya Akropoli

Katikati ya tanzia ya Sophocles juu ya mfalme Oedipus kuna wimbo wa wazee wa Thebes ambao umenishika kwa miaka mingi. Malkia Jocasta ametoka kumwambia mumewe asihangaike na kauli za Apollo, mungu wa Delphi, kwa kuwa zilikwisha kusema uongo kuhusu mtoto wake, kwamba angemwua baba yake. Wazee wanaposikia hayo wanaingiwa na hofu. Kwa maneno yangu, wanaimba hivi: ikiwa matendo ya namna hii ndiyo yanayoheshimiwa, kwa nini nicheze? Sitakwenda tena Delphi kuabudu, wala Abae, wala Olympia, kama maneno ya mungu hayatatimia wazi mbele ya watu wote. Apollo haheshimiwi tena popote. Mambo ya kimungu yanapotea.

Kisa cha Oedipus nilikipata kwanza kwa Kiswahili, katika tafsiri ya S. S. Mushi, Mfalme Edipode, iliyochapishwa mwaka 1971. Kisa chenyewe kinatosha kumnyima mtu usingizi: mfalme anamsaka mwuaji, na mwuaji ni yeye. Lakini swali la wazee lilinikaa barabara nilipojua walikuwa wamesimama wapi walipoliuliza. Chini ya ngome ya Akropoli, mjini Athens, upande wa kusini, palikuwa na eneo takatifu la Dionysos, mungu wa divai, lenye hekalu lake na madhabahu yake, na uwanja wa maonyesho ulikuwa sehemu ya eneo hilo. Watu waliouliza "kwa nini nicheze?" walikuwa wanacheza wakati uleule, mbele ya mungu, katika sikukuu yake, huku kuhani wake ameketi mstari wa mbele. Swali lao lilikuwa sehemu ya ibada.

Tumezoea kufundishwa habari za Wagiriki wa kale kwa mafungu: hapa dini yao, hapa falsafa, pale sanaa. Juu ya mafungu hayo huwekwa simulizi moja nyepesi, kwamba hapo zamani waliamini visasili, kisha wakatokea wenye akili wakawafundisha kufikiri, na dini ikarudi nyuma. Kila ninavyozidi kusoma ndivyo simulizi hiyo inavyozidi kunikinaisha. Kule Athens miungu ilihojiwa ndani ya sikukuu za miungu, kwa vinywa vya washairi, kwa gharama ya mji wenyewe. Na wanafalsafa walipokuja na maswali yao, aliyekuwa amesimama mbele yao ni mshairi. Kuhani alikuwa pembeni kabisa.

Tuitazame sikukuu yenyewe, kwa sababu bila kuiona ilivyokuwa mengine hayaeleweki.

Sikukuu kubwa ya Dionysos iliadhimishwa kila mwaka katika majira ya machipuko, Machi au Aprili kwa kalenda yetu. Sanamu ya kale ya mungu, ya mbao, ilitolewa nje ya mji kisha ikarudishwa kwa shangwe, kukumbuka alivyowasili mara ya kwanza kutoka Eleutherae, mji mdogo wa mpakani. Siku ya maandamano makubwa ng'ombe walichinjwa kwa wingi. Desturi ya Wagiriki ilikuwa kuteketeza mifupa na mafuta madhabahuni, iwe sehemu ya mungu, na nyama ikapikwa na kugawiwa watu. Kwa raia wengi wa kawaida, siku ya kula nyama ya ng'ombe ilikuwa siku ya sikukuu. Kisha yalikuja mashindano ya kuimba na kucheza. Raia wa Athens waligawanywa katika makundi 10, na kila kundi lilitoa kwaya ya wanaume 50 na nyingine ya wavulana 50. Hao tayari ni waimbaji 1,000, kila mwaka, na bado hatujafika kwenye tanzia.

Washairi wa tanzia walikuwa watatu kila mwaka. Kila mmoja alileta tanzia tatu, na nyuma yake mchezo mmoja wa masatiri, wale viumbe nusu mtu nusu mnyama wanaomfuata Dionysos. Wachezaji waliosema walikuwa watatu tu, wote wanaume, wakibadilisha barakoa, hata malkia na mabikira wakiigizwa nao. Lakini moyo wa mchezo ulikuwa korasi, watu 12 na baadaye 15, raia wa kawaida waliofunzwa kwa miezi kuimba na kucheza. Tajiri mmoja aliteuliwa kugharimia mafunzo na mavazi yao, na wajibu huo ulihesabiwa sawa na wajibu wa kugharimia meli ya kivita. Waamuzi 10, mmoja kutoka kila kundi, walipatikana kwa kura ya bahati.

Kabla mchezo haujaanza palikuwa na mambo mengine. Divai ilimiminwa kwa miungu. Fedha za kodi kutoka miji iliyokuwa chini ya Athens zililetwa uwanjani zionekane. Vijana yatima, ambao baba zao walikufa vitani na mji ukawalea, walipita mbele ya watu wakiwa wamevaa silaha walizopewa na mji. Ndipo korasi ya kwanza ilipoingia.

Ninaitaja ile kodi kwa makusudi. Sikukuu ile iliwekwa juu ya mali ya watu wengine: miji iliyotozwa kwa nguvu, na watumwa waliochimba madini ya fedha katika migodi ya Laurion kwenye mashimo membamba. Ninaipenda mno sanaa ya Athens, na kwa sababu hiyo sitaki kuisimulia kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni bila mtu kuilipia.

Mimi nimelelewa kanisani, ndani ya kwaya, mahali ambapo wimbo usiousogeza mwili huhesabiwa kuwa haujaimbwa. Nadhani hilo limenisaidia. Anayeijua tamthilia kama burudani ya jioni, tiketi mkononi na taa zimezimwa, inambidi ajilazimishe kuamini kwamba wale waliokuwa wanasali na wale waliokuwa wanaigiza walikuwa watu walewale. Kwetu si jambo la kujilazimisha.

Sasa angalia walichokitazama katika ibada hiyo. Mwaka 480 KK Waajemi waliuteka mji wa Athens ukiwa karibu mtupu, wakayachoma mahekalu ya Akropoli. Wiki hazikupita nyingi, meli za Wagiriki zikawavunja katika mlango wa bahari wa Salamis. Miaka minane baadaye, mwaka 472, Aeschylus alileta katika sikukuu tanzia iitwayo Waajemi. Aliyegharimia korasi alikuwa kijana mmoja aitwaye Pericles, ambaye baadaye angeuongoza mji. Aeschylus mwenyewe alipigana na Waajemi huko Marathon mwaka 490, na ndugu yake aliuawa pale. Juu ya vichwa vya watazamaji, kule mlimani, magofu ya mahekalu yaliyochomwa yalikuwa bado yapo. Parthenon haikuanza kujengwa mpaka mwaka 447. Mtu angetarajia nyimbo za ushindi. Mshairi aliwapeleka Susa, kwenye mji wa mfalme wa Waajemi, akawaketisha wamsikilize mama mzazi akimngoja mwanawe, wamsikilize mjumbe akitaja majina ya waliozama, na mwishoni mfalme aliyeshindwa akirudi na nguo zilizochanika, akilia pamoja na wazee wake. Mji ulioungua ulifundishwa kumlilia aliyeuchoma, ndani ya sikukuu ya mungu wake. Aeschylus alipewa tuzo la kwanza.

Sijui ibada nyingine iliyofanya jambo zito kuliko hilo.

Wagiriki hawakuwa na kitabu kitakatifu. Hili linahitaji kusemwa polepole kwa sisi tuliolelewa kwa Biblia au Kurani. Hapakuwa na kanuni ya imani ya kukiri, wala mafunzo ya dini kwa watoto, wala shule ya makuhani. Ukuhani mwingine ulirithiwa katika familia fulani, mwingine ulitolewa kwa kura, na kazi ya kuhani ilikuwa kujua taratibu: mnyama gani, siku gani, maneno gani yasemwe madhabahuni. Ukitaka kujua Zeus ni nani, aliwashindaje wale waliomtangulia, anapenda nini na anachukia nini, hukwenda kwa kuhani. Ulikwenda kwa Homer na Hesiod. Herodotus, aliyeandika historia yake katika karne ya 5 KK, alisema waziwazi kwamba hao wawili ndio waliowapa Wagiriki ukoo wa miungu, majina yao ya sifa, kazi zao na maumbo yao, na kwamba waliishi si zaidi ya miaka 400 kabla yake. Watoto walikariri Homer. Watu wazima walimnukuu barazani na mahakamani.

Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini falsafa ya Kigiriki iligombana na ushairi tangu siku zake za mwanzo. Xenophanes wa Colophon, katika karne ya 6 KK, alilalamika kwamba Homer na Hesiod waliwabandika miungu kila aibu ya wanadamu: wizi, uzinzi, kudanganyana. Akasema kama ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono, wangechora miungu yenye maumbo ya ng'ombe na farasi. Waethiopia, akasema, husema miungu yao ni myeusi yenye pua bapa, na Wathrakia husema yao ina macho ya buluu na nywele nyekundu. Kwake yeye Mungu ni mmoja, mkuu kuliko wote, asiyefanana na mwanadamu kwa mwili wala kwa fikra. Maneno haya hunukuliwa mara nyingi kama mwanzo wa kuikana dini. Mimi nayasoma kama maneno ya mtu aliyeona Mungu anavunjiwa heshima. Tena aliyasema kwa mashairi, akitembea mji hadi mji kuyaimba. Parmenides naye, baba wa hoja ngumu kuliko zote kuhusu kuwapo na kutokuwapo, aliandika kwa mizani ya Homer, na utenzi wake unaanza na safari ya gari la farasi kwenda kwa mungu wa kike anayemfunulia ukweli.

(Nikigusa Waethiopia: katika Homer, wao ndio watu wasio na lawama ambao miungu huenda kula karamu kwao. Mwanzoni kabisa mwa Iliad, Zeus na miungu wote wako huko, na hawarudi mpaka siku ya 12.)

Washairi wa tanzia walizaliwa katika ugomvi huu, na aliyeingia ndani zaidi ni Euripides. Chukua mwaka 415 KK. Majira ya baridi yaliyotangulia, jeshi la Athens lilikuwa limekitwaa kisiwa cha Melos, ambacho kosa lake lilikuwa kutaka kukaa bila upande katika vita kati ya Athens na Sparta. Wanaume waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Majira ya machipuko Euripides akaleta Wanawake wa Troy. Mji umeanguka, wanaume wamekufa, wanawake wanagawanywa kwa washindi. Ndani yake Hecuba, malkia mzee aliyepoteza karibu kila kitu, anasali. Anamwita Zeus mwenye kuitegemeza dunia na mwenye kiti juu ya dunia, kisha anasema: uwe nani, u mgumu kujulikana, ama u sheria ya lazima ya maumbile, ama u akili ya wanadamu, nakuomba, maana kwa njia isiyo na kishindo unayaongoza mambo ya wanadamu kwa haki. Menelaus, mume wa Helen, aliyesimama karibu, anashangaa: sala gani hii mpya?

Ni mpya kweli. Ndani yake mna fikra za wanafalsafa wa wakati ule, na Anaxagoras, aliyefundisha kwamba akili ndiyo iliyoupanga ulimwengu na kwamba jua ni jiwe la moto, alikuwa ameishi Athens miaka mingi. Lakini bado ni sala. Hecuba hajaacha kuinua mikono. Anaweka mashaka yake yote ndani ya jina la Mungu na kumkabidhi. Kisha sala yake haijibiwi: Helen, ambaye anataka aadhibiwe, kila mtazamaji alijua kutoka kwa Homer kwamba atarudi nyumbani Sparta salama. Kura za waamuzi mwaka ule ziliwapa Euripides na tanzia zake nafasi ya pili.

Katika tanzia nyingine, Heracles aliyewaua watoto wake kwa wazimu uliotumwa na Hera anakataa kuamini kwamba miungu huzini na kufungana minyororo. Mungu akiwa Mungu kweli, anasema, hahitaji kitu. Hizo ni hadithi duni za washairi. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado inanisimamisha. Mshairi, katika uwanja wa mungu, anamtumia mwana wa Zeus kusema kwamba washairi wamemsingizia Mungu, na Heracles anayesema hayo ameangamizwa na chuki ya mungu wa kike palepale jukwaani. Euripides haondoi upande mmoja ili mwingine ushinde. Anatuacha navyo vyote viwili.

Na wazee wa Thebes? Tarehe kamili ya tanzia ile haijathibitika, ila wengi huiweka karibu na miaka ya tauni iliyoanza mwaka 430 KK na kuua watu wengi mno wa Athens, Pericles akiwa mmoja wao. Tanzia inaanza na mji wenye tauni, watu wakiwa wamekaa madhabahuni na matawi ya kuombea. Kwa waliokuwa uwanjani hayo hayakuwa mambo ya kubuni. Sasa ona Sophocles anavyolikaza swali. Wazee wanataka kauli ya Delphi itimie, kwa sababu isipotimia hakuna tena cha kuabudu. Wakati huohuo wanampenda Oedipus, aliyewaokoa. Hawajui bado, ila sisi tunajua, kwamba kutimia kwa kauli hiyo ni kuangamia kwake. Wanaiombea haki ya Mungu, na haki hiyo ikija itamng'oa macho mtu wanayemtegemea. Naam, mungu atakuwa amesema kweli. Je, watacheza kwa furaha? Sophocles hajibu. Huyu alikuwa mtu wa dini mno, aliyetumikia mji kama jemadari na kama mtunza hazina, na mapokeo yanasema alimkaribisha mungu wa uponyaji, Asclepius, alipoletwa Athens. Eneo takatifu la Asclepius lilijengwa jirani kabisa na uwanja wa maonyesho, ubavuni mwa mlima uleule. Mwaka tanzia ile ilipochezwa, Sophocles hakupata tuzo la kwanza.

Inabidi sasa tumkabili mwanafalsafa Socrates, maana hapa ndipo mtu ataniuliza: ikiwa Athens iliweza kuvumilia hayo yote jukwaani, kwa nini ilimwua mzee wa miaka 70 kwa kuuliza maswali sokoni?

Hata yeye jukwaa lilimgusa. Mwaka 423 KK, katika sikukuu hiyohiyo, mshairi wa futuhi Aristophanes alimwonyesha Socrates ndani ya kapu lililoning'inia hewani, akichunguza jua na kuwafundisha vijana kwamba Zeus hayupo. Mchezo ulishika nafasi ya mwisho kati ya mitatu, lakini sura ile haikusahaulika. Mwaka 399, mbele ya waamuzi 501, Socrates alisema kwamba washtaki wake wa kweli ni wa zamani, na akaitaja futuhi ile. Mashtaka yalikuwa kwamba haitambui miungu ambayo mji unaitambua, kwamba analeta mambo mapya ya kiroho, na kwamba anawaharibu vijana. Washtaki walikuwa watatu, na Plato, mwanafunzi wa Socrates, anatuambia kila mmoja alikuja kwa niaba ya nani: Anytus kwa ajili ya mafundi na wanasiasa, Lycon kwa ajili ya wasemaji, na Meletus kwa ajili ya washairi. Makuhani hawatajwi.

Jibu langu ni hili. Athens ya mwaka 399 ilikuwa imeshindwa vita, imenyang'anywa meli na kuta zake, na imetawaliwa kwa damu na wadhalimu 30, ambao kiongozi wao Critias aliwahi kuwa miongoni mwa wafuasi wa Socrates. Hofu ilikuwa kubwa na majeraha yalikuwa mabichi. Lakini zaidi ya hayo, swali la Euripides lilikuwa na mahali pake. Liliulizwa katika siku zilizowekwa, mbele ya mji mzima umekaa pamoja, chini ya ulinzi wa mungu, na lilipokwisha watu waliondoka wakiwa wamelia pamoja. Socrates alilichukua swali lilelile akalipeleka kwa mtu mmoja mmoja, siku yoyote, mahali popote, naye hakukubali liishe. Mtu aliyezoea kulia pamoja na wenzake juu ya miungu alijikuta peke yake mbele ya mzee mwenye joho kuukuu anayemwambia: hebu nieleze wewe, uchaji ni nini? Hilo ndilo lililowashinda. Hata hivyo tofauti ilikuwa ndogo. Socrates mwenyewe alisema kura 30 tu zingehamia upande wa pili angeachiwa.

Siku zake za mwisho ndizo zinazonifanya nikatae kabisa kumtoa nje ya dini ya mji wake. Hakuuawa mara moja, kwa sababu meli takatifu ilikuwa imekwenda Delos kwa ajili ya sikukuu ya Apollo, na mpaka irudi mji haukuruhusiwa kumwua mtu. Akiwa gerezani alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya: alitunga mashairi. Alitunga wimbo wa kumsifu Apollo, akazigeuza hadithi za Aesop kuwa mashairi. Aliwaeleza rafiki zake kwamba maisha yake yote ndoto moja ilimjia ikimwambia afanye kazi ya Muze, miungu wa kike wa sanaa, naye alidhani falsafa ndiyo kazi hiyo kuu. Sasa anaogopa kufa bila kuitii ndoto ilivyosema hasa. Na maneno yake ya mwisho, miguu ikiwa imeshakufa ganzi kwa sumu, yalikuwa juu ya sadaka: tunadaiwa jogoo na Asclepius, msisahau kumlipa.

Plato hakuwapo, alikuwa mgonjwa. Alikuwa na miaka chini ya 30, na mauti yale yalimfanya alivyokuwa. Yeye ndiye aliyeandika kwamba katika mji mwema washairi wa aina ya Homer waondolewe, na kwamba kuna ugomvi wa kale kati ya falsafa na ushairi. Wengi humsoma hapo kama mtu mkavu asiyependa sanaa. Sikubaliani nao. Kitabu chake kinachowafukuza washairi kinaanza na Socrates akiteremka bandarini Piraeus kusali kwa mungu wa kike na kutazama sikukuu, na kinaisha na kisa cha askari aliyekufa akarudi kusimulia aliyoyaona ng'ambo, kisa kilichotungwa kishairi kuliko mengi ya washairi wenyewe. Na katika Karamu, Plato anamketisha Socrates meza moja na Aristophanes, yule aliyemtia kapuni, nyumbani kwa mshairi wa tanzia Agathon. Karibu na mapambazuko wengine wamelala, na watatu hao bado wanabishana kama mtu mmoja aweza kutunga tanzia na futuhi. Mtu asiyejali ushairi hahangaiki kuufukuza. Plato aliuogopa kwa sababu alijua watu walijifunza miungu kutoka kwake.

Aristotle alimjibu mwalimu wake kwa utulivu: tanzia huamsha huruma na hofu, na kwa hizo hutuletea kutakaswa. Mfano aliourudia zaidi ulikuwa Oedipus ya Sophocles. Ni jibu zuri, ingawa kwangu limepoteza kitu; ukisoma kitabu chake juu ya ushairi hutajua kwamba pale uwanjani palikuwa na madhabahu. Lakini mji ulimkumbusha. Alexander, mfalme wa Makedonia aliyewahi kufundishwa na Aristotle, alipokufa mwaka 323 KK na hasira dhidi ya watu wa Makedonia ikalipuka, Aristotle alishtakiwa kwa kuwakosea miungu, na kosa alilotajiwa lilikuwa wimbo. Alikuwa ametunga shairi la kumtukuza rafiki yake Hermias aliyeuawa, nao wakasema amemwimbia mwanadamu sifa za mungu. Alikimbilia Chalcis, akafa huko mwaka uliofuata.

Wasomaji wengi wa Kiswahili mji huu tunaufahamu kwa njia ya sura ya 17 ya Matendo ya Mitume, na nimeirudia sura hiyo baada ya kusoma tanzia. Paulo anafika Athens katikati ya karne ya 1 BK, anaona madhabahu ya Mungu asiyejulikana, anabishana sokoni na Waepikurea na Wastoiko, wafuasi wa shule mbili za falsafa, kama Socrates alivyofanya, na kama Socrates anatuhumiwa kuleta miungu migeni. Wanampeleka Areopago. Huko, alipotaka ushahidi ambao Waathene wangeukubali, hakumnukuu kuhani wao yeyote. Alinukuu watunga mashairi wao: "Maana sisi sote tu wazao wake." Maneno hayo yamo katika utenzi wa Aratus, ambamo yanasemwa juu ya Zeus.

Halafu akataja ufufuo, na wengine wakadhihaki. Areopago hiyohiyo ndipo Aeschylus, mwaka 458 KK, alipoiweka kesi ya Orestes aliyemwua mama yake, kesi ambayo kwa ajili yake Athena anaiunda mahakama ya mlima ule. Katika kesi hiyo Apollo anasimama kumtetea mshtakiwa, na kati ya maneno yake anasema kwamba mtu akishakufa na vumbi likainywa damu yake, hakuna kufufuka. Miaka 500 na zaidi imepita tangu tanzia hiyo ichezwe mara ya kwanza, na Myahudi wa Tarso anasimama mbele ya baraza lenye jina la mlima huo kusema kinyume cha alichokisema Apollo. Sidhani kila aliyecheka alicheka kwa dharau tu. Kwamba hakuna kufufuka walikuwa wamefundishwa na mshairi wao. Na wapo waliosema, "Tutakusikiliza tena katika habari hiyo." Mmoja wa walioamini alikuwa mjumbe wa baraza lenyewe, na jina lake alilipata kwa mungu wa ule uwanja wa chini ya Akropoli: Dionisio.